Mgongo wa mama mbebaji: kisa cha Bukavu ambapo kazi ilificha saratani

Mama huyu aliingia chumba chetu cha kinezi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akiegemea fimbo, mkononi akiwa na karatasi yenye maneno machache: maumivu ya mgongo ya kazi, akandwe mara kumi. Ana miaka 46, anakaa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ana watoto sita, na tangu ujana amekuwa akibeba mizigo ya watu. Mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Kisa chenyewe ni cha kabla vita haijaingia mjini Februari 2025.

Anayeishi Bukavu hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Kwa msomaji wa mbali: boti za Idjwi na Kalehe, kwenye Ziwa Kivu, hushusha makala (makaa ya kupikia), mihogo, ndizi na mananasi kwenye soko la Beach Muhanzi, na mzigo huo lazima upandishwe milimani, mara nyingi kwa vichochoro ambavyo gari halifiki. Mama anaketi chini, gunia nyuma yake. Anapitisha ukanda kwenye paji la uso, anainama mbele, mwenzake anamsukuma, anainuka. Kisha anapanda akiwa ameinama, macho yakitazama udongo, shingo ikivuta uzito wote.

Alikuwa ameumwa mgongo kwa vipindi miaka mingi. Safari hii maumivu yalikuwa na miezi saba bila kuachia. Alikuwa amechomwa sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu, amepewa vitamini, ametibiwa malaria mara mbili, amekandwa na fundi wa mitishamba, na amepigwa radiografi (picha ya eksirei) moja iliyosemwa kuwa nzuri. Kila aliyempokea alimuuliza kazi yake, akaitaja, na maswali yakaishia hapo.

«Mugongo njo kazi yetu, munganga,» aliniambia. «Weye ungebeba ile makala, haungelala.»

Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Kazi yake ilitosha kabisa kueleza maumivu, na haikuwa maelezo ya uongo. Ilikuwa kweli kwa miaka mingi, kisha siku moja ikaacha kuwa ukweli wote, na hakuna aliyeona mahali ilipoachia.

Nianze basi na kazi yenyewe, kwa sababu sitaki msomaji adhani kwamba waliomtangulia walikuwa wazembe. Tulimwomba binti yake atuelekeze kwa mfanyabiashara anayemtuma, tukalipima gunia la makala kwenye mzani wake: kilo 60 na kidogo. Mama mwenyewe, kwenye mzani wetu, alikuwa na kilo 48. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe mzigo mdogo sana kuliko huo. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ina hesabu yake ya kunyanyua mizigo iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991. Inaanza na kilo 23, tena katika hali nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, uko juu usawa wa viganja, mtu hajipindi, na hanyanyui mara kwa mara. Kila sharti likikosekana, kilo zinapunguzwa. Taasisi hiyo hiyo inachukulia kwamba hatari inaanza pale pingili za chini za kiuno zinapogandamizwa kwa nguvu ya nyutoni 3400. Sikuweza kuipima nguvu hiyo kwa mama huyu, lakini mtu anayeinuka kutoka chini, mgongo umekunjwa, na gunia lililo zito kuliko mwili wake, hana sharti hata moja lililotimia.

Kuna utafiti ambao watu wa ukanda wetu wanapaswa kuufahamu. Mwaka 1986 watafiti walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa paji la uso kama mama zetu. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu waliyotumia kutembea. Mwaka 2005 wengine wakawapima wabebaji wa Nepal, nao hutumia ukanda wa paji la uso: wanaume walibeba kwa wastani zaidi ya asilimia 90 ya uzito wao, wanawake karibu theluthi mbili, na kwa gharama ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Lakini mwaka 2010, Afrika Kusini, wanawake wa Kixhosa walipopimwa, unafuu huo haukuonekana kwa wastani. Watu walitofautiana sana, na shingo zililalamika.

Ninautaja kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba mama zetu wamezaliwa na kipaji cha kubeba. Watafiti walipima pumzi na nguvu iliyotumika. Hawakupima diski za mgongo baada ya miaka ishirini. Na asilimia 20 ya uzito wa mama huyu ni kama kilo kumi, si 60.

Kwa hiyo maumivu yake ya zamani yalikuwa ya kazi, sina shaka. Nilimuuliza yalivyokuwa. Yalikuwa chini, kiunoni, yakizidi jioni ya siku ya soko na kupungua Jumapili. Nikamuuliza ya sasa. Akapeleka mkono nyuma, juu zaidi, karibu na mahali kamba ya sidiria inapopita.

«Na usiku?»

«Usiku njo inazidi. Nikilala chali inanikata. Niko nalala ya kukaa.»

«Wakati ulipoacha kubeba, yalipungua?»

Alikuwa ameacha kubeba zaidi ya mwezi mzima. Hayakupungua hata kidogo.

Maumivu ya kazi hufuata kazi. Mzigo ukizidi yanazidi, mwili ukipumzika yanatulia, hata kama si kabisa. Yanapohama mahali, yanapoamka usiku mtu amelala, yanapopuuza mapumziko, hayamfuati tena bwana wake wa zamani. Mwaka 1988 Deyo na Diehl, madaktari wa Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 1975 waliokuja kwa maumivu ya mgongo. Waliokutwa na saratani walikuwa 13 tu, chini ya mmoja kwa mia. Idadi hiyo inaonya pande zote mbili. Hatuwezi kumtuma kila mwenye mgongo kwenye skana, wala hatuwezi kusema haipo. Kilichowatenganisha wale wachache kilikuwa mambo ya kuuliza na kupima kwa bei ndogo: umri wa kuanzia miaka 50, saratani ya zamani, kukonda bila sababu, maumivu yaliyopita mwezi bila kusikia tiba, damu pungufu, na damu inayotua haraka chini ya kichupa cha kipimo, ishara kwamba mwili unapambana na ugonjwa.

Mama alikuwa na miaka 46, kwa hiyo umri haukupiga kengele. Kukonda ndiko kulikonisimamisha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu kwenye misuli ndipo kisa kilipofunguka.

Nilimwomba akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano. Kipimo hiki hakina gharama. Mtaalamu wa misuli anaanza kuwa na wasiwasi mtu akizidisha sekunde 15. Mama alisimama mara mbili, ya tatu akashika kiti. Nikayashika mapaja yake. Huyu ni mtu aliyepanda milima ya Kadutu na gunia mgongoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Vigimbi vya miguu bado vilikuwa na umbo la mbebaji, lakini mapaja yalikuwa yamelegea na kupungua, hasa mbele. Kikwembe alichokuwa akikizungusha kiunoni mara moja na nusu, sasa kilizunguka mara mbili. Yeye alisema ni uchovu. Jirani walisema ni mawazo. Karatasi ya kituo cha afya ilisema ni kazi ngumu.

Kazi ngumu haikondeshi paja namna hiyo. Msuli unaovutwa na mzigo hutoa ishara ndani ya seli zake kwamba utengeneze protini zaidi, nyuzi za aktini na miosini zinaongezeka, na seli za akiba zilizolala pembeni ya nyuzi, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961, zinaamka kukarabati palipochanika. Ndiyo maana wabebaji wana vigimbi vigumu. Mtu akiwa anafanya kazi ya nguvu na anakula, halafu misuli inapungua, kuna kitu kinachoila haraka kuliko kazi inavyoijenga. Kinaweza kuwa njaa, na katika mji wetu njaa ni lazima ifikiriwe kwanza. Tuliuliza: anakula ugali na lenga-lenga (mchicha) mara mbili kwa siku na watoto wake, samaki wakipatikana, na watoto hawakuwa wamekonda. Kinaweza kuwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kisukari, au tezi ya shingo. Na kinaweza kuwa saratani.

Kukonda kwa saratani kunaitwa kakeksia, na si sawa na kukonda kwa njaa. Mwenye njaa akilishwa, mwili unarudi. Mwenye kakeksia akilishwa, msuli haurudi wote, kwa sababu uvimbe na kinga ya mwili inayopambana nao vinatuma ujumbe unaobadili kazi ya seli za msuli. Mwaka 2001 wanasayansi walitambua jeni mbili zinazowaka msuli unapopungua, MuRF1 na atrogini-1. Kazi yake ni kuzitia alama protini za msuli, na protini yenye alama hupelekwa kwenye mtambo wa seli uitwao proteasomu ikakatwakatwa. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito kwa miezi 6 bila kukusudia, kwa mtu mwenye saratani, kunatosha kuita hali hiyo kakeksia. Mama hakuwa na uzito wowote ulioandikwa kabla, lakini kikwembe kilitupa makadirio.

Kuna jambo jingine lililonigusa sana nilipolisoma. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha kwa panya kwamba saratani ikiingia kwenye mfupa na kuubomoa, mfupa unaachia kitu kiitwacho TGF-beta ambacho kilikuwa kimehifadhiwa ndani yake. Kitu hicho kinaufikia msuli kwa njia ya damu na kuharibu mlango wa kalsiamu ndani ya seli. Kalsiamu inavuja, na msuli unakosa nguvu ya kujikunja kuliko hata udogo wake unavyoonyesha. Panya si mama wa Kadutu. Hata hivyo, udhaifu wa mama huyu ulizidi wembamba wa mapaja yake, na kinezi anayejua hilo hamwambii mgonjwa kwamba ni mvivu wa mazoezi.

Udhaifu wa miguu una sababu nyingine ya kutisha zaidi: kubanwa kwa neva kuu inayopita ndani ya pingili. Tulipima vidole, magoti, na hisia ya ngozi. Mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi kidogo hadi tumboni, na goti lilipogongwa liliruka kwa nguvu kuliko kawaida. Mkojo ulikuwa bado unatoka vizuri. Nilipogonga polepole kwa ngumi pingili za katikati ya mgongo, moja ilimfanya alie. Kuanzia hapo suala la kumkanda lilifungwa. Mgongo ambao huenda pingili yake imeliwa haukandwi wala hauvutwi.

Munganga, yaani daktari, aliyeitwa alitaka mwili wote uchunguzwe. Muuguzi wa kike alimpeleka nyuma ya pazia, na baada ya muda mfupi akatuita. Kwenye titi la kushoto kulikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa limau, ngozi imevutwa ndani, na tezi za kwapani zimekaza. Mama alikuwa anaujua kwa zaidi ya mwaka. Alidhani ni maziwa ya zamani yaliyoganda.

«Hakuna mwenye aliniuliza,» alisema. «Nilikuja na mugongo.»

Katika miezi saba, watu kadhaa walikuwa wamemgusa mgongo. Hakuna aliyemgeuza.

Damu yake ilikuwa pungufu na ilitua haraka. Jambo la pili tulilopaswa kuliondoa lilikuwa kifua kikuu cha mgongo, kwa sababu Kivu yote inakijua na kina tiba inayoponya. Ugonjwa huo unabeba jina la Percivall Pott, mpasuaji wa London aliyeuandika mwaka 1779. Mtu huyohuyo, miaka minne kabla, aliandika juu ya saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa vijana waliosafisha mabomba ya moshi, na akawa wa kwanza kuonyesha kwamba kazi fulani inaleta saratani fulani. Sisi tulikuwa na kisa kinyume chake: kubeba makala hakukuleta saratani ya titi ya mama huyu, kulizuia tu watu wasiitafute. Makohozi hayakuonyesha kifua kikuu, kipimo cha virusi vya UKIMWI hakikuonyesha maambukizi.

Radiografi ya pili ilipigwa. Safari hii pingili moja ya kifuani ilikuwa imekosa sehemu ya upande wa kushoto, na ya chini yake imebonyea. Wengi waliuliza kwa nini ya kwanza ilikuwa safi. Mfupa hauna budi kupoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla ya radiografi ya kawaida kuonyesha. Picha nzuri ya mwezi wa pili wa maumivu haimaanishi mfupa mzuri, na ilikuwa vibaya kuitumia kama jibu la mwisho miezi mitano baadaye.

Kwa nini mgongo na si mahali pengine? Stephen Paget, Mwingereza, alikusanya mwaka 1889 kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba ugonjwa hauendi popote tu kwa bahati. Aliufananisha na mbegu inayoota pale penye udongo unaoifaa. Mwaka 1940 Oscar Batson akaonyesha njia mojawapo: mishipa ya damu inayozunguka uti wa mgongo haina vali, kwa hiyo damu ya kifuani na nyonga inaweza kurudi nyuma hadi kwenye pingili, hasa mtu anapokohoa au kujikaza. Seli za saratani zikifika, zinaziamsha seli za mwili zinazomeng'enya mfupa, na mfupa unaomeng'enywa unaachia vitu vinavyozilisha seli hizo za saratani. Mzunguko huo ndio uliokuwa ukimwamsha usiku.

Tiba niieleze kwa ufupi. Alianza deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba, siku hiyohiyo kwa ajili ya neva, na mofini ya kunywa kwa maumivu. Kipande cha titi kilipelekwa Kigali, kikarudi na jibu kwamba uvimbe unasikia homoni ya estrojeni, kwa hiyo akaanzishiwa tamoksifeni, kidonge cha mg 20 kwa siku, dawa iliyotumika tangu miaka ya 1970 na isiyo ya bei ya kutisha. Tiba ya mionzi ilibidi aifuate ng'ambo ya Ruzizi, Kigali, ambako mashine imekuwepo tangu 2019. Familia na mama wenzake wa soko walichanga. Alipigwa mionzi mara moja, kipimo cha Gy 8 (grei, kizio cha mionzi), ambacho kwa maumivu ya mfupa kinatuliza sawa na vipindi vingi. Kwa neva iliyoanza kubanwa, jambo linalotabiri zaidi kama mgonjwa atatembea baada ya tiba ni kama alikuwa akitembea kabla yake. Yeye aliingia kwa miguu yake, akatoka kwa miguu yake.

Hakupona, na hakuna aliyemwambia kwamba atapona. Analala chali. Fimbo ameiacha ndani ya nyumba. Mimi ninamfanyisha kukaa na kusimama, na kutembea tambarare, bila kuinama wala kujipinda. Paja limeongezeka kidogo sana. Sasa anauza makala kwa vikopo mlangoni kwake.

Wenzangu wamenipinga katika jambo moja, na hoja yao ina uzito. Wanasema nikianza kuwauliza wabebaji wote kuhusu matiti na kukonda, nitawatisha mamia kwa ajili ya mmoja, na wote wanaumwa mgongo. Jibu langu ni kwamba simuulizi kila mtu kila kitu. Ninauliza maumivu yako wapi na yanaamka lini, ninampandisha kwenye mzani na kuuandika uzito, ninamwomba asimame kwenye kiti mara tano. Zikikosekana dalili, anabaki na mgongo wa kazi na tunaushughulikia kama mgongo wa kazi. Zikiwepo, muuguzi wa kike anafungua pazia kabla ya mtu yeyote kumkanda. Hilo sasa limeandikwa kwenye fomu ya chumba chetu.

Bado kuna upande wa gunia. Mama hawa hulipwa kwa safari, si kwa kilo, ndiyo maana gunia linazidi kuwa kubwa: mfanyabiashara akijaza kilo 60 kwenye safari moja analipa mara moja, akizigawa 30 mara mbili analipa mara mbili. Hilo ni la kuzungumza na wafanyabiashara, na litachukua muda. La haraka ni kuinuka kutoka chini, ambako ndiko kubaya kuliko kupanda kwenyewe. Meza ya mbao ya kupakilia, yenye urefu wa kiuno, iliyowekwa pale boti zinaposhushia, inamwezesha mama kuupokea mzigo akiwa amesimama. Tumezungumza na viongozi wa wabebaji, seremala ametaja bei ya mbao, na mama wenyewe wanabishana kuhusu mahali pa kuiweka. Migongo ya kazi ikipungua, ule ambao si wa kazi hautapotea katikati ya mingine.